Springi ya gari jipya la umeme ikikatika, usikimbilie kulaumu

Malalamiko kuhusu magari ya umeme yanayotufikia siku hizi si ya betri pekee. Gari lina miezi michache, limeegeshwa jioni likiwa zima, asubuhi kona moja imelala. Mwenye gari anaapa hakugonga kitu. Muuzaji anajibu kwa neno moja: shimo.

Springi inaweza kukatika gari likiwa limesimama, kwa ufa ulioanza wiki nyingi nyuma. Kwa hiyo "jana sikugonga kitu" si ushahidi, na "shimo" bila ukaguzi si ushahidi vilevile. Ni kweli magari haya ni mazito. La ukubwa wa kati aghalabu hupita kilo 1,600, na tuta lisilo na alama huumiza bushi, boljointi na mikono ya chini, yaani viungo na vyuma vinavyoshikilia gurudumu. Lakini anayeuza gari Kenya anazijua barabara za Kenya.

Chuma chenyewe husema. Pigo huacha alama kwa majirani: rimu imebonyea, tairi limevimba ubavuni, mkono umepinda. Uso wa mvunjiko ukiwa na kutu upande mmoja na kung'aa upande mwingine, ufa ulikuwepo kabla. Vitundu ndani ya mkono wa alumini ya kusubu (iliyomiminwa kwenye kalibu) vinaelekeza kiwandani. Boliti iliyolegea huwa na nyuzi zilizosagika. Ufa wa zamani wenyewe unaweza kuwa umetokana na pigo, ndiyo maana tunataka rimu na tairi vikaguliwe pamoja na springi. Tafadhali msiviuze kabla ya ukaguzi huo.

Usisugue mvunjiko, usiupake oili, usijaribu kuunganisha vipande. Piga picha kabla gari halijasogezwa. Libebwe juu ya lori, magurudumu yote yasiguse barabara, kwa sababu mota ikizungushwa huzalisha umeme. Jeki iwekwe kwenye sehemu zilizoonyeshwa na mtengenezaji, kamwe si chini ya betri. Mjulishe bima kabla ya kutengeneza. Pigo la barabarani huenda likawa dai lao.

Waranti ya miaka 8 tunayotajiwa kila siku ni ya betri. Sasipensheni, yaani springi, mikono na viungo vyake, ina muda wake kwenye kijitabu, na hulipiwa kasoro ya kiwandani, si pigo.

Hata hivyo kijitabu si mwisho wa haki. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 kinamtaka muuzaji atoe bidhaa ya ubora unaokubalika. Mwandikie, ukitaja nambari ya chesisi, kilomita, tarehe na unachodai. Omba ripoti ya ukaguzi kwa maandishi, vipimo vya alaimenti (mnyooko wa magurudumu), kumbukumbu za kompyuta ya gari na kipande kilichovunjika. Akikataa, lalamika kwa Mamlaka ya Ushindani. Kumpotosha mteja kuhusu waranti ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani: faini hadi shilingi milioni 10, kifungo hadi miaka 5, au vyote viwili.

Dai lisilozidi shilingi milioni 1 lipeleke Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60 na unaweza kujisimamia bila wakili. Rufaa huko ni ya hoja za kisheria tu, kwa hiyo springi, picha na ripoti vifike siku ya kwanza ya kusikizwa.