Sapu si disko

Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wazazi wengi huamini kuwa mwanafunzi wa sayansi akifeli somo moja chuoni, safari imeishia hapo. Hofu hiyo inaeleweka. Ada na nauli ya treni si mchezo. Ila kufeli somo kwa kawaida huleta sapu, yaani mtihani wa marudio. Akishindwa tena, vyuo vingi humruhusu kulibeba somo hilo mwaka unaofuata. Kinachomletea mtu disko, yaani kuondolewa chuoni, mara nyingi ni wastani wa jumla wa alama (GPA): katika mizani ya 5.0, kiwango cha chini kinachotajwa sana ni 2.0. Kemia D, hesabu B? Huenda bado yumo. Mwombe mwanao kitabu cha mwongozo wa chuo, fungua kanuni za mitihani, linganisha na matokeo yake. Kanuni za udaktari huwa kali zaidi.