P.E. ya mtoto mwenye ulemavu sio fizio, na masters peke yake sio leseni

Nimechoka na hili swali. Vijana wanamaliza digrii ya michezo hapa Kisumu, wanataka kwenda Marekani kufanya masters ya P.E. (somo la michezo na mazoezi) ya watoto wenye ulemavu, na kila mmoja ananiambia, "Lakini mwalimu, si hiyo ni fizio tu?" Sio fizio, ile tiba ya viungo!

Leseni niimalize haraka, maana wengine wanadhani masters inatosha. Masters ni masomo, leseni ni ruhusa ya kushika darasa. Hapa kwetu sheria ya TSC (tume ya walimu) ya 2012 hairuhusu mtu kufundisha kama hajasajiliwa, hata awe na digrii tatu. Marekani kila jimbo lina leseni yake, na ule mtihani wao wa kitaifa wa CAPE, wa walimu wa hii P.E., hufanyi kama huna leseni halali ya ualimu na masaa 200 ya kufundisha watoto wenye ulemavu wenyewe. Kwa hivyo kabla ulipe karo uliza chuo kama hiyo programu inakupeleka kwa leseni ama ni ya utafiti tu.

Sasa hii ya fizio ndio inaniuma. Sheria ya Marekani ya 1975 iliweka P.E. ndani ya elimu maalum yenyewe, ni somo, halafu fizio ikawekwa kwa huduma za kusaidia mtoto asome. Chukua mtoto mwenye CP (mtindio wa ubongo), miguu imekaza. Fizio atamnyoosha misuli, atapima goti linafunguka kiasi gani, na hiyo ni kazi muhimu sana, simdharau. Mimi wa P.E. nataka huyo mtoto ajue kulenga, ajue kungoja zamu yake, aone mwenzake amejificha upande gani ndio arushe mpira. Hayo hayapatikani kitandani kliniki. Halafu unapata headteacher anakwambia "huyo ako na fizio Alhamisi," kwa hivyo saa ya P.E. mtoto anawekwa chini ya mwembe ashike masweta ya wengine, mwaka mzima, na kwa ripoti anaandikiwa ameshiriki. Ameshiriki nini jamani?

Na usiniambie vifaa hakuna. Mtoto asiyeona unamtengenezea mpira wa sauti, unaufunga na pakiti kavu za krisps (juala zilipigwa marufuku 2017) halafu unaubana na kamba ya mpira wa baiskeli, ukibingirika unasikika vizuri. Kazi ngumu ni kufundisha wale wanaoona wanyamaze mpira ukitembea, maana kelele yao ndio inamfungia mwenzao nje. Golboli yenyewe, ule mchezo wa mpira wa sauti wa wasioona, iliyoanzishwa 1946 kwa wanajeshi waliopofuka vitani, inataka uwanja mzima unyamaze.

Penye bado nasumbuka ni hapa: unabadilisha mchezo hadi wapi? Tenisi ya viti vya magurudumu inaruhusu mpira udunde mara mbili na bado ni tenisi kabisa. Lakini darasani, watoto sitini, na mmoja wao ana CP, nikilegeza sheria sana wengine wanaanza kumwachia magoli, na yeye anajua anaachiwa, unaona tu vile uso unabadilika. Nikikaza, haugusi mpira. Vitabu vinasema changanya watoto wote, na mimi naamini hivyo, ila kuna wiki namtoa pembeni na wenzake wawili kwanza ajifunze kurusha, halafu namuuliza yeye kama yuko tayari kurudi kwa kundi. Mara nyingine anakataa, na hapo sina uhakika nimlazimishe ama nimwache.