Julai 4 haikuwa siku ya kutia saini

Anayejiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani hukutana na swali hili: Azimio la Uhuru lilipitishwa lini? Jibu ni Julai 4, 1776. Wengi huongezea la kwao, kwamba siku hiyo waasisi walipanga foleni mezani, kila mmoja akatia saini. Sivyo.

Kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa Philadelphia Julai 2, katika Kongresi, yaani mkutano wa wajumbe wa makoloni ya Uingereza huko Amerika. Makoloni 12 yaliunga mkono. New York ilijizuia, ikaja kukubali Julai 9. John Adams, mmoja wa wajumbe, alimwandikia mkewe kwamba vizazi vitasherehekea Julai 2. Alikosea kwa siku mbili tu, masikini.

Julai 4 wajumbe walipitisha maneno ya azimio lenyewe, na usiku huo likapelekwa kwa mchapaji, John Dunlap. Nakala zake zina majina mawili tu ya viongozi, tena ya chapa: John Hancock, mwenyekiti wa Kongresi, na katibu wake Charles Thomson. Agizo la kuliandika vizuri kwenye ngozi lilitoka Julai 19, na wajumbe wengi wakatia saini Agosti 2. Wachache walisaini baadaye. Jumla yao ni 56.

Mchoro ulio nyuma ya noti ya dola 2 umewapotosha wengi. Kinachoonekana pale ni kamati ya watu watano ikikabidhi rasimu, hakuna anayesaini.

Kwa hiyo ukiulizwa, sikiliza kitenzi: lilipitishwa.