Mahindi ya kuchachusha kwa kuku wa mu parsele: yale watu wanasema na yale ya kweli

Siku hizi mu Bukavu, kuanzia Panzi mpaka Bagira, kila mwenye kuku wachache mu parsele amesikia hii habari ya kulowesha mahindi ama mtama mpaka ichache, njo unapatia kuku. Provande, kile chakula cha kuku cha kununua, bei inapanda kila mara kwa hiyo watu wanatafuta njia, na hii njia ni nzuri, mie naiunga mkono kabisa. Ila kuna maneno yanazunguka pembeni yake yanaharibu kuku za watu, na moja inaweza kufika mpaka ku sahani ya watoto.

Njo hii: eti mahindi yenye ukungu, ile ya bei chini ku soko, ukiichachusha inasafishika. Hapana jamani, haisafishiki! Kuvu inayoitwa Aspergillus flavus inaacha sumu ndani ya punje, aflatoksini, na hiyo sumu haitoki kwa kuchemsha sufuria yako ya kila siku, na siku tatu mu ndoo pia sio dawa ya kutegemea. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache, watu wanajiuliza ni ugonjwa gani huu, kumbe ni unga wa karanga wenye ukungu uliotoka Brazil, na njo hapo aflatoksini ilianza kujulikana. Bata na bata mzinga wanaumia haraka kuliko kuku. Kuku mkubwa yeye anaweza kukaa tu hivi, hafi, lakini mayai inapunguka, ini inaharibika, hata chanjo ukimpiga haishiki vizuri, na masalio ya sumu inaingia mu ini na mu yai ile unakaangia watoto asubuhi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, chukua punje chache hapo hapo ku soko ya Kadutu, zipasue, angalia kile kiini cha ncha. Ukiona rangi ya kijani ama kijivu, ama ukinusa harufu ya nyumba iliyofungwa siku nyingi, rudisha. Hata kama muuzaji ni jirani yako, rudisha. Na ukishamwaga maji mu ndoo, punje zinazoelea zitoe uzitupe, juu mingi inakuwa imetobolewa na wadudu ama imeharibika ndani. Hiyo inapunguza hatari tu, haigeuzi gunia baya kuwa zuri.

Wengine wanaogopa eti kuku watalewa. Hii inatoka kwa kuchanganya vitu viwili. Mahindi iliyofunikwa na maji siku mbili tatu inachachushwa zaidi na bakteria wa asidi, wale wa jamii ya maziwa mgando, alkoholi inakuwa kidogo sana. Ni kama mihogo tunayolowesha kabla ya kusaga unga wa bugali, hakuna mtu alishalewa bugali. Masimbi, yale mabaki ya kasiksi (pombe ya ndizi) ama ya pombe ya mtama, njo kitu kingine kabisa, ile iko na pombe ya kweli, usiwamwagie kuku. Na dreshi ya kiwanda cha bia nayo sio nafaka ya kuchachusha, ni maganda ambayo sukari yake ilishatolewa, nguruwe na ng'ombe wanaifaidi kuliko kuku, na ikilala joto inaoza haraka.

Halafu "ikinuka imeoza". Inategemea inanuka nini! Ikichacha vizuri inanuka ukali kama maziwa mgando, ukikoroga unaona povu ndogo ndogo zinapanda na unasikia kama inanong'ona. Ngozi nyeupe nyembamba juu ya maji mara nyingi ni hamira ya porini, ikoroge tu ama uitoe. Lakini manyoya ya kijani, meusi ama ya pinki, ama harufu ya kitu kilichokufa, mwaga yote, usijaribu kuokoa nusu. Maji ikae juu ya nafaka kama sentimita 5, mahindi inavimba kwa hiyo angalia usiku usikute imekauka juu, koroga mara mbili kwa siku, kifuniko usikibane juu hewa inatafuta kutoka. Maji ya bomba ya Regideso yenye klorini iache wazi usiku mmoja kwanza. Chumvi usitie.

Na siku nyingi sio uzuri zaidi. Sisi tuko mita karibu 1,500 juu, baridi ya usiku inachelewesha, siku tatu inatosha, saa zingine nne. Ndugu zetu wa Uvira kule chini kwenye joto, siku mbili inaweza kuwa imeshafika. Baada ya hapo unangojea nini tena?

Sasa hesabu ya chakula, hapa watu wanadanganywa sana. Eti kuku atakula nusu. Anakula kijazo kidogo juu nafaka imebeba maji, ila mwili wake bado unataka karibu ile ile, kuku wa mayai wa kisasa anahitaji kama gramu 110 mpaka 120 ya chakula kikavu kwa siku. Faida ya kweli iko: asidi ya fitiki, ile inayoshika madini ndani ya nafaka, inavunjika kwa hiyo fosfori na madini inapatikana zaidi, vumbi ya unga haimwagiki chini. Lakini mahindi iko na protini ya asilimia 8 ama 9 tu, kuku anayetaga anataka karibu 16, na kuchacha hakutengenezi protini kutoka hewani. Ongeza sambaza (wale samaki wadogo wa ziwa) kavu iliyosagwa ama soja iliyokaangwa, soja mbichi hapana, hata ukiichachusha, iko na kitu kinachozuia protini isisagike mu tumbo.

Ya mwisho, na hii inaniuma kabisa: "kuku wangu wanakula ya kuchachusha, chanjo ya nini." Ile asidi inasaidia kupunguza Salmonella mu tumbo ya kuku, hiyo ni kweli. Lakini ugonjwa wa Newcastle, ule wa kideri tunaochanjia, ni wa virusi, inakuja na kuku mpya wa soko ama na viatu vya mgeni, na ikiingia inaweza kumaliza banda nzima kwa siku chache. Uliza veterineri wa karibu lini wanafungua chupa ya chanjo, juu chupa moja inatosha kuku wengi na haikai ikishafunguliwa, jiungeni watu wa avenue moja mchange franka, mpigie kuku zenu siku moja.