Bustani ya mimea ni nini, na inatusaidiaje kuijua miti yetu?

Bustani ya mimea, au bustani ya botaniki kama wengine wanavyoiita, ni mahali ambapo mimea hai hukusanywa na kutunzwa pamoja na kumbukumbu zake: jina, ukoo, ilikotoka, mwaka ilipopandwa. Uzito wote uko kwenye hizo kumbukumbu. Eneo lenye nyasi zilizofyekwa vizuri, maua na mabenchi ni bustani ya kupumzikia, hata lipendeze namna gani. Eneo lililokusanya miti zaidi kuliko mimea mingine huitwa bustani ya miti, na ile ya Nairobi, Arboretum, ni mfano unaojulikana.

Mgeni hukutana na kumbukumbu hizo kwenye kibao kidogo kilichochomekwa mbele ya shina. Chukua kibao cha mvule. Juu kuna jina la kisayansi, Milicia excelsa. Chini yake ukoo, Moraceae. Kisha asili yake, Afrika ya kitropiki. Anayepita haraka haoni cha maana hapo. Lakini endelea kutembea ukute Moraceae tena kwenye mkuyu, tena kwenye mfenesi, tena kwenye mshelisheli, uanze kujiuliza miti hii isiyofanana inahusianaje. Ni ndugu. Kwangua gome la mmojawapo, utachuruzika utomvu mweupe kama maziwa. Mama anayejipaka mafuta mikononi kabla ya kupasua fenesi anaujua utomvu huo vizuri sana, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mvule uliotengenezewa mlango wa nyumba yake unao vilevile. Hapo ndipo bustani inapofanya kazi ambayo kitabu peke yake hakiiwezi, kwa sababu miti yote minne unaitazama, unaishika, unainusa kwa siku moja.

Kibao kinasema pia nani ni mwenyeji na nani alikuja. Mwarobaini, ambao kila mtaa una mtu anayechemsha majani yake, asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani zake. Mkrismasi unaowaka maua mekundu mwezi wa Desemba ulitoka Madagaska. Mwembe nao ni wa Asia.

Bustani za aina hii zilianza Italia. Ile ya Padua ilianzishwa mwaka 1545 na bado ipo palepale. Ilikuwa ya chuo kikuu, na wanafunzi wa tiba walijifunza humo kuitambua mimea ya dawa ingali hai, maana kukosea mmea ilikuwa ni kumlisha mgonjwa sumu. Huku kwetu sababu ilikuwa nyingine. Wajerumani walifungua bustani ya Dar es Salaam mwaka 1893 ili wajaribu mazao ya biashara. Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, Waingereza walianza mwaka 1898 kwa shabaha hiyohiyo. Nairobi ilifuata mwaka 1907, na kilichotafutwa ni miti inayokua upesi ili treni za reli ya Uganda zipate kuni. Kituo cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kilianza mwaka 1902 kikapandwa miti kutoka pande nyingi za dunia, ukiwemo mkwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia Wajerumani njia ya bahari, kwinini ya kutibu malaria ya askari wao ilitengenezwa hapohapo Amani.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyopandwa kwa ajili ya mwananchi, na ni haki kulisema hilo wazi. Ni haki pia kusema kwamba zimeacha madhara. Amani uliletwa mti uitwao Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi. Kwao, kwenye misitu ya upande wa ziwa, hauna tatizo. Usambara ulimkuta hondohondo, ndege anayeyapenda matunda yake, anayameza na kwenda kuziangusha mbegu ndani ya msitu. Umeenea mpaka ukawa shida kubwa kwa watunza misitu wa huko. Ndiyo maana bustani makini za leo huuchunguza kwanza mmea mgeni kabla ya kuupa nafasi.

Sasa, kuunganisha watu na mimea maana yake nini hasa? Mwaka 1999 wataalamu wawili wa Marekani, James Wandersee na Elisabeth Schussler, waliandika kuhusu hali waliyoiita upofu wa mimea: mtu anaona kijani kibichi tu, haoni aina, haoni kwamba maisha yake yanategemea kile kijani. Mwoneshe picha ya swala nyikani, atakuambia kuna swala. Mgunga uliosimama nyuma yake hautaji.

Tanzania tuna mfano unaoniuma. Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, linalokaa madirishani mwa watu wasiohesabika, kwao ni Tanga. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huko, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta likiwa la mwituni akalituma kwao. Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina Saintpaulia mwaka 1893. Limekuwa biashara kubwa ya maua, huku ndugu zake wa porini wakibaki kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na wanatoweka kadiri msitu unavyokatwa. Wangapi kati yetu tungelipita bila kulitambua? Mtoto wa shule aliyelionyeshwa Amani hatalipita hivyo.

Watu wenyewe wameshazipa bustani hizi kazi mpya. Arboretum ya Nairobi asubuhi ina wakimbiaji, mchana vikundi vya maombi vinavyosali kwa sauti chini ya miti, na wanafunzi wamejilaza na madaftari. Entebbe familia huja na vyakula vyao. Wapo wanaonung'unika kwamba hao hawasomi vibao. Mimi siungi mkono manung'uniko hayo. Mtu akishazoea kivuli cha mti fulani atakuja kuuliza unaitwaje, na siku hiyo kibao kiwepo. Kwa hiyo kama fedha ni kidogo, afadhali kurudisha vibao vilivyong'oka kuliko kupaka rangi geti, na kila kibao kiwe na jina la kienyeji karibu na lile la Kilatini.

Kazi ya mwisho mgeni haioni: kuzuia mmea usipotee kabisa. Misitu ya Lindi ina mti mrefu uitwao Karomia gigas, uliobaki michache mno duniani. Matunda yake mengi hayana mbegu hai. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania walishirikiana na Missouri Botanical Garden ya St. Louis, Marekani, matunda yakakusanywa na kupelekwa huko, na kutoka kwenye mbegu chache zilizoota miche ikapatikana. Kila mche una namba yake na kumbukumbu ya mti mama, kwa sababu mche usiojulikana ulikotoka hauna msaada mkubwa siku ya kuurudisha msituni.

Ukienda kwenye bustani iliyo karibu nawe, mtafute mtunza bustani, tena yule wa siku nyingi. Muulize mti gani hapo ni wa zamani kuliko yote na ulitoka wapi. Dar es Salaam, omba uonyeshwe mnazi wa Shelisheli, unaozaa mbegu kubwa kuliko mmea mwingine wowote duniani.