Hapana, Mate ya Rakuni Hayana Sumu

Kila vuli, misimu ya kuwinda rakuni, yule mnyama wa porini mwenye mkia wa mapete na uso kama uliovaa barakoa, inapopamba moto usiku katika majimbo ya kusini na ya kati ya Marekani, ninaletewa kliniki hapa Kentucky mbwa wa mawindo aliyelala chali au kiubavu nyuma ya pikapu, na mwenye mbwa huniambia maneno yale yale: "Daktari, rakuni amemtia sumu. Mpige sindano apumzike milele." Nimeyasikia maneno hayo kupita kiasi. Ninayajibu kwa Kiswahili kwa sababu miongoni mwa ndugu zetu waliohamia Louisville na Lexington wapo wanaofuga mbwa hawa na kuingia nao msituni pamoja na majirani wenyeji, na mtu anayepewa mbwa na jirani hupewa pia imani za jirani.

Mbwa hawa, wawe wa koo za Treeing Walker, Bluetick, Redbone au Black and Tan, hufunguliwa gizani, hunusa njia ya rakuni na kuifuata huku wakibweka hadi wampandishe mtini, kisha hubaki shinani wakibweka kwa sauti nyingine, fupi na ya harakaharaka, mpaka mwindaji afike na taa yake ya kichwani. Kazi ikienda hivyo, mbwa na rakuni hawagusani kabisa. Hugusana pale rakuni anapokamatwa ardhini kabla ya kuufikia mti, anapoanguka, au anapopambana na mbwa majini, na hapo ndipo mbwa hutoka na alama za meno puani, midomoni na masikioni. Majeraha hayo hupona. Wiki moja au mbili baadaye, mbwa aliyekuwa mzima anaanza kujikwaa, miguu ya nyuma inalegea, kulegea kunapanda hadi miguu ya mbele, na baada ya siku chache hawezi hata kuinua kichwa. Sauti yake nzito iliyokuwa ikisikika ng'ambo ya bonde inabaki kuwa mkwaruzo.

Hii ndiyo inayoitwa sumu ya rakuni, na ninaamini dhana hiyo imeua mbwa wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Sumu ya jino kwa kawaida haisubiri hivyo. Mbwa aliyeumwa na nyoka huonyesha dalili baada ya dakika au saa, wala haendi msituni kwa siku kumi nyingine akiwa na nguvu zake zote ndipo aanguke. Zaidi ya hayo, mbwa wanne wanaweza kupambana na rakuni mmoja usiku mmoja, wote wakatoka na majeraha, kisha akaugua mmoja tu au asiugue yeyote. Kama mate yale yangekuwa na sumu, wote wanne wangelala.

Ukweli ni kwamba kuna kitu katika mate ya rakuni kinachoichokoza kinga ya mwili wa baadhi ya mbwa, na kinga hiyo, badala ya kukishambulia kitu hicho peke yake, inaigeukia mizizi ya neva pale inapotoka kwenye uti wa mgongo, hasa ile inayopeleka amri za mwendo kwenye misuli. Watafiti Cummings na Haas waliyaeleza madhara hayo ya neva mwaka 1967, na wataalamu wa neva wakaona mapema jinsi ugonjwa huu unavyofanana na ule wa Guillain-Barré unaowapata binadamu, ambao kinga ya mwili huzishambulia neva na kumpooza mtu. Hata rakuni si lazima awepo: mbwa wa Australia, nchi isiyo na rakuni porini, huugua ugonjwa huu huu, na watafiti wa Melbourne walionyesha mwaka 2018 kwamba mbwa wanaolishwa nyama mbichi ya kuku wamo hatarini zaidi, jambo walilolihusisha na bakteria aina ya kampilobakta. Bakteria hao hao hujulikana kuwatangulia wagonjwa wengi wa Guillain-Barré. Wala ugonjwa hauambukizi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa na mbwa wenzake kwa hofu ya kuwapooza.

Kwa kuwa neva za hisia huachwa karibu salama, uchunguzi wa mbwa huyu una jambo ambalo ninataka kila mwenye mbwa alione kwa macho yake kabla ya kunitajia sindano tena. Ninabana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo. Mguu hausogei hata kidogo, kama si wake. Lakini mbwa anageuza macho kunitazama, anajaribu kubweka kwa ile sauti iliyokwaruza, na mara nyingine anaonyesha kwamba maumivu anayasikia kuliko mbwa mzima. Kisha mwenye mbwa anamwita jina lake, na mkia unapiga meza. Mkia kwa kawaida haupoozi katika ugonjwa huu. Mkojo na choo anavizuia mwenyewe, na chakula anakitafuna na kukimeza, ila hawezi kukifikia. Huyo ni mgonjwa mwenye akili timamu na hamu ya kula, na wengi wa aina yake hupona.

Kupona huko ni kwa polepole, na hapa ndipo uvumilivu wa watu unapokatika. Ugonjwa unaweza kuendelea kuzidi kwa siku kama kumi tangu dalili ya kwanza, na hatari halisi ya siku hizo ni kupooza kwa misuli ya kupumua, kwa hiyo mbwa anayepumua kwa tumbo na kwa shida aletwe hospitali usiku huo huo, asisubiri asubuhi. Akivuka hapo, nguvu huanza kurudi baada ya wiki kadhaa; aliyeshikwa kidogo husimama baada ya wiki tatu hadi sita, na aliyeshikwa sana anaweza kuhitaji miezi minne au zaidi. Katikati ya safari hiyo misuli ya mapaja na ya mabega inakonda hadi mifupa inahesabika, na wengi huniita wakidhani mbwa anakufa. Hafi, misuli isiyopata amri ya neva hukonda, na neva zikirudi nayo hujaa tena.

Hakuna dawa ya kumponya. Watu huomba steroidi, yaani dawa za kutuliza kinga ya mwili, na wapo wanaozipata kwa njia zao, lakini hazijaonyesha kuufupisha ugonjwa huu, na matumizi ya muda mrefu huikondesha zaidi misuli ambayo tayari inakonda na kuufungulia mwili mlango wa maambukizi. Kinachomponya ni uuguzi, na sioni haya kusema kwamba nyumba yenye watu wavumilivu humfaa kuliko kliniki yangu. Alazwe juu ya godoro nene lisiloshika unyevu. Ageuzwe upande baada ya kila saa nne, mchana na usiku, kwa sababu vidonda vya kulalia na nimonia ndivyo vinavyowamaliza wale ambao kupooza hakukuwaua. Wakati wa kula na kunywa ainuliwe alalie kifua, kichwa kikishikiliwa, ili maji yasiingie mapafuni. Viungo vyote vikunjwe na kunyooshwa taratibu mara kadhaa kwa siku, na anapoanza kujikongoja ashikiliwe kwa taulo lililopitishwa chini ya tumbo. Familia ambazo nimewaona wakishika zamu hizi, baba usiku na watoto baada ya shule, ndizo zinazorudi na mbwa anayetembea.

Kabla ya yote hayo, atafutwe kupe. Kupe jike mmoja aliyejificha ndani ya sikio au katikati ya vidole anaweza kumpooza mbwa kwa namna inayofanana sana na hii, na hapo ndipo sumu ipo kweli, ndani ya mate ya kupe. Mbwa wa huku Amerika Kaskazini akiondolewa kupe huyo, mara nyingi husimama ndani ya siku moja hadi tatu. Ninasikitika kila ninapofikiria ni wangapi wamepigwa sindano ya mwisho huku dawa yao ikiwa ni kibano na dakika tano za kupapasa manyoya. Kama uso na koo navyo vimelegea, udenda unatoka na kumeza hakuwezekani, daktari atafikiria mambo mengine, yakiwamo sumu ya mzoga uliooza na kichaa cha mbwa; mtu asimtie mbwa wa namna hiyo mkono mdomoni.

Ushauri wangu nisioacha kuurudia ni huu: kila pambano la mbwa na rakuni liandikwe tarehe, kwenye kalenda ya pikapu au kwenye simu. Tarehe hiyo hunisaidia kuliko vipimo vingi. Na aliyepona asidhaniwe kuwa amejenga kinga, maana mwili uliokwisha kuchokozwa mara moja unaweza kuugua tena akiumwa tena. Mbwa wa namna hiyo mimi ninashauri astaafu mawindo, hata kama ana pua bora kuliko wote kundini.

Dhana zilizobaki hazihitaji maneno mengi.

Wanasema chanjo huua pua ya mbwa wa mawindo. Haiui. Distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ndiyo inayoweza kuharibu uwezo wa kunusa, rakuni huugua distempa na kuieneza, na chanjo ndiyo inayoizuia. Kuhusu kichaa cha mbwa, aliyechanjwa akiumwa na rakuni hupewa dozi ya nyongeza mara moja na kuangaliwa nyumbani kwa siku 45, ilhali asiyechanjwa huingia katika karantini ya miezi au huuawa kwa amri ya mamlaka. Sielewi kabisa mtu anayenunua kola ya GPS ya mamia ya dola na kubania pesa ya chanjo.

Wanasema rakuni anayeonekana mchana ana kichaa cha mbwa. Si lazima, jike anayenyonyesha hutafuta chakula saa yoyote. Anayepepesuka, asiyeogopa watu au aliyepooza ndiye wa kuepukwa, naye anaweza kuwa na kichaa au distempa, na tofauti hiyo huthibitishwa maabara kwa kupima ubongo.

Wanasema mbwa apewe nyama mbichi ya rakuni ili apende zaidi kumwinda. Mbwa wa ukoo huu hahitaji kufundishwa hamu hiyo, na rakuni hubeba minyoo aina ya Baylisascaris ambayo ikikomaa ndani ya mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi uani wanakocheza watoto. Katika mwili wa binadamu viluwiluwi vyake vinaweza kufika kwenye macho na ubongo.

Ipo pia dhana ya kwamba msitu ukipungukiwa na rakuni, hakuna ubaya kuleta wengine kutoka jimbo jingine. Ubaya upo, na ulikwisha kutokea. Kichaa cha rakuni, yaani aina ya kichaa cha mbwa inayoenezwa na rakuni, kilikuwa kimekaa Florida na majirani zake wa kusini-mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kikazuka ghafla mpakani mwa Virginia na West Virginia, mbali na eneo lake, na chanzo kinachokubalika ni rakuni waliosafirishwa kutoka kusini ili kujaza misitu ya wawindaji. Kutoka hapo kilipanda pwani yote ya mashariki, na mwaka 1999 kikaingia Ontario, Kanada. Hadi leo Idara ya Kilimo ya Marekani hudondosha kwa ndege vyambo vyenye chanjo kandokando ya milima ya Appalachia ili kisivuke kuja magharibi. Mbwa akimeza kimoja katika mbio za usiku hadhuriki, na akila vingi tumbo linaweza kumchafuka kwa muda. Asinyang'anywe kwa mkono mtupu, kwa sababu ndani ya chambo kuna virusi hai vya chanjo. Aliyeguswa na kimiminika hicho anawe kwa sabuni na kupiga namba ya simu iliyochapishwa juu ya chambo chenyewe.