Kuacha sukari hakuui saratani kwa njaa

Ujumbe huu umerudi tena kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi: acha sukari kabisa, uvimbe wa saratani utakufa njaa. Si kweli. Jipime damu asubuhi kabla ya chai: glukosi, yaani sukari ya damu, bado imo, kwa kawaida milimoli 4 hadi 5.5 kwa lita, kwa sababu ini huitengeneza lenyewe. Na mishipa ya damu inayolisha uvimbe huchipuka kwa ishara za protini, hata chai iwe haina sukari.

Mkanganyiko unatokana na picha za PET, kipimo cha hospitali cha kutafuta saratani mwilini. Mgonjwa hudungwa sukari ya maabara yenye mnururisho, na uvimbe hung'aa. Lakini ubongo nao hung'aa, kwa hiyo kung'aa hakuthibitishi kwamba kuacha sukari kunaua uvimbe! Kinachoniuma ni mgonjwa dhaifu kunyimwa uji. Tafadhali, ukipata ujumbe huu usiusambaze.